Vita dhidi ya plagi bandia Turkana vianzie kwa fundi

PLAGI ya gari ni kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani. Lakini inapokufa katikati ya Kakuma na Lokichoggio, gari zima hugeuka kivuli cha abiria kujisitiri jua, huku dereva akisubiri lori la kwanza litakalopita.

Umbali kati ya miji hiyo miwili ya Turkana Magharibi ni takriban kilomita 95. Kutoka Lokichoggio hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Lodwar hadi Nairobi ni karibu 700 nyingine. Kadiri mtu anavyosonga kaskazini, ndivyo anavyozidi kuwa mbali na duka la wakala rasmi, na ndivyo kosa dogo la ununuzi linavyozidi kumgharimu.

Kwa sababu hiyo, swali la iwapo plagi ni halisi au ghushi haliishii mfukoni mwa mnunuzi. Katika eneo hili, gari lililozimika njiani ni mgonjwa asiyefika zahanati, ni samaki wa Ziwa Turkana wanaoharibika kwa joto, na katika baadhi ya sehemu ni hatari kwa maisha yenyewe.

Kusini mwa Lodwar, kati ya Lokichar na Kainuk, mashambulizi ya majangili dhidi ya magari yameripotiwa kwa miaka mingi. Mnamo Februari 2023 serikali ililazimika kupeleka wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Turkana ikiwa mojawapo. Dereva anayesimama huko kukagua injini huwa hajasimama kwa hiari.

Bidhaa ghushi zimekuwa ajenda ya kitaifa kwa muda mrefu. Bunge lilipitisha Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, na asasi ya kuitekeleza ikaanza kazi mwaka 2010. Hata hivyo, mapambano hayo yameelekezwa zaidi bandarini na katika maghala ya miji mikubwa.

Ikiwa bidhaa ghushi itapenya hapo, hakuna kizuizi kingine cha maana mbele yake hadi Nadapal, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Anayebaki kuikagua ni mtu mmoja tu, naye ni fundi wa gereji anayeshika spana. Ndiye mkaguzi halisi wa ubora katika Turkana, ingawa hakuna sheria wala bajeti inayomtambua hivyo.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, ni vyema kutazama historia ya Lokichoggio yenyewe.

Mji huo ulipata umaarufu wa kimataifa kuanzia mwaka 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni ya kupeleka chakula na dawa kusini mwa Sudan wakati wa vita. Uwanja wake mdogo wa ndege uligeuka kitovu cha ndege za mizigo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo iliendesha hospitali ya Lopiding, ambako majeruhi wa vita walitibiwa hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006.

Magari ya enzi hizo yalikuwa zaidi ya mashirika hayo. Mengi yalikuwa ya dizeli, na injini ya dizeli haitumii plagi ya kutoa cheche, kwa kuwa mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Isitoshe, magari ya mashirika hutunzwa kwa utaratibu wa mashirika yenyewe, na vipuri vyake haviokotwi sokoni.

Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini jijini Nairobi Januari 9, 2005, na taratibu mashirika yakahamia Juba na miji mingine ya kusini. Lokichoggio ikabaki na uwanja wake wa ndege, majengo yaliyofungwa na wakazi waliolazimika kutafuta njia nyingine ya kusafiri na kujikimu.

Njia hiyo ilikuja kwa injini ndogo za petroli. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sentimita za ujazo 250, na bodaboda zikaenea nchini kote. Sambamba nazo yakaja magari madogo yaliyotumika Japan, hasa Toyota Probox, ambalo Wakenya wamelifanya kuwa teksi, matatu na lori kwa wakati mmoja.

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Lakini likishaingia hupitia mikono mingi, na linapofika Turkana huwa limezeeka, na plagi zake hubadilishwa tena na tena kwa vipuri vya rejareja. Probox lina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake.

Soko lipo, tena si dogo. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa Kakuma na kambi yake ya wakimbizi ilikuwa na zaidi ya biashara 2,000, na matumizi ya wakazi yalikadiriwa kufikia dola milioni 56 za Marekani kwa mwaka. Penye soko la kiasi hicho, lililo mbali na wakaguzi, mwuzaji wa bidhaa ghushi hahitaji kualikwa.

Bidhaa hizo si tatizo la Kenya pekee. Ripoti ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) na Umoja wa Ulaya iliyotolewa mwaka 2025 ilikadiria kuwa biashara ya kimataifa ya bidhaa ghushi ilifikia dola bilioni 467 mwaka 2021, sawa na asilimia 2.3 ya bidhaa zote zilizoagizwa duniani. Vipuri vya magari ni miongoni mwa bidhaa zinazoandamwa.

Nchini, makadirio ya Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi (ACA) yalionyesha kuwa biashara haramu ilipanda kutoka Sh726 bilioni mwaka 2017 hadi Sh826 bilioni mwaka 2018. Huo ndio mwaka ambao serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliunda kikosi cha asasi mbalimbali kupambana na biashara hiyo.

Kwa nini plagi ighushiwe? Kwanza ni ndogo na nyepesi, hivyo sanduku moja hubeba mamia. Pili, hubadilishwa mara kwa mara. Plagi ya kawaida ya nikeli hutarajiwa kudumu takriban kilomita 20,000 hadi 30,000, ilhali ya iridiamu inaweza kufika 100,000. Tatu, na hili ndilo kubwa, kasoro yake imefichwa ndani ya kauri na chuma, ambako jicho la mnunuzi halifiki.

Kazi inayofanywa na kifaa hicho ni nzito kuliko umbo lake. Injini ya kawaida ya gari inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani cheche 25 kwa sekunde moja. Kila cheche huruka ndani ya mlipuko mdogo wa mafuta na hewa, na ncha ya plagi hutakiwa kubaki katika joto la kati ya nyuzi 500 na 850 hivi.

Ikipoa kupita kiasi, masizi hujikusanya na cheche hupotea. Ikizidi joto hilo, ncha yenyewe huwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni hupigwa ikiwa bado inapanda. Injini inayopigwa hivyo kwa muda huishia kutoboka pistoni.

Watengenezaji wa plagi halisi huweka kiini cha shaba ndani ya ncha ili kuondoa joto haraka, na hutumia kauri ngumu isiyopitisha umeme. Mghushaji huokoa gharama hapo hapo. Kiini cha shaba hupunguzwa au huondolewa kabisa, kauri huwa dhaifu, na chuma huwa cha daraja la chini. Kwa nje, jina na rangi ya kisanduku hubaki vilevile.

Katika barabara tambarare ya mjini, gari huweza kuvumilia udanganyifu huo kwa wiki kadhaa. Katika Turkana, gari lililojaza abiria na mizigo, likipambana na mchanga, vumbi na joto linalopita nyuzi 35, halina nafasi hiyo ya kuvumilia.

Dalili huanza polepole. Injini hukataa kuwaka asubuhi, hutetemeka ikiwa imesimama, na hukosa nguvu mlimani. Mafuta huisha upesi kuliko kawaida. Kwa magari ya kisasa, petroli isiyoungua hutiririka hadi kwenye ekzosi na kuharibu kifaa cha kusafishia moshi, ambacho bei yake ni mara nyingi ya ile ya plagi zote nne.

Hapa ni muhimu kutenganisha mambo ambayo sokoni huchanganywa kwa makusudi. Ipo plagi halisi ya kampuni inayojulikana kama vile NGK, Denso, Bosch au Champion. Ipo plagi ya kampuni isiyojulikana sana, ya bei nafuu, inayouzwa kwa jina lake yenyewe. Ipo plagi kuukuu iliyosuguliwa kwa brashi ya waya na kurudishwa kisandukuni. Na ipo iliyoghushiwa, inayovaa jina lisilo lake.

Aina ya pili si kosa. Maskini ana haki ya kununua kitu cha bei nafuu akijua anachonunua. Kosa lipo katika aina mbili za mwisho, ambazo humwuzia mnunuzi mbuzi kwenye gunia. Sera yoyote inayochukulia kila bidhaa ya bei nafuu kuwa ghushi itawaumiza wanyonge na kuwaachia walaghai mlango wazi.

Mnunuzi atazitambuaje? Wataalamu wa vipuri wana njia kadhaa, na nyingi hazihitaji maabara.

Ya kwanza ni namba. Kila plagi ina msimbo unaoeleza umbo na tabia yake. Kwa mfano, katika plagi ya NGK yenye msimbo BPR6ES, herufi B huonyesha kipenyo cha milimita 14, R huonyesha kuwa ina kipinga umeme ndani, 6 ni daraja la joto, na E ni urefu wa sehemu inayoingia injini, milimita 19. Msimbo wa kisandukuni, wa kwenye kauri na ulio katika kitabu cha gari sharti uoane.

Daraja la joto lahitaji uangalifu, kwani kampuni hazihesabu kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Fundi anayebadilisha jina la kampuni bila kutazama jedwali la ulinganisho anaweza kuiharibu injini kwa plagi iliyo halisi kabisa.

Ya pili ni maandishi. Katika plagi halisi maandishi kwenye kauri huwa safi, yamenyooka na hayafutiki kwa kidole. Herufi zilizopinda, wino uliovuja au tahajia yenye makosa kisandukuni ni onyo tosha.

Ya tatu ni umbo la ncha. Ncha ya katikati na ile iliyopinda juu yake hutakiwa kukaa sambamba, na nafasi baina yake iwe sawa katika plagi zote nne. Ikiwa plagi za kisanduku kimoja zinatofautiana kwa macho, mnunuzi ana sababu ya kuzirudisha.

Ya nne ni pete ya chuma inayoziba nafasi kati ya plagi na injini. Katika plagi halisi, pete hiyo hushikiliwa vyema wala haichomoki kwa kuzungushwa kidogo tu. Katika nyingi za bandia huanguka yenyewe mkononi. Hesi zake pia, yaani mifereji ya kufungia, huwa laini na zenye kung'aa kwa usawa, bila mikwaruzo ya kukatwa ovyo.

Ya tano inahitaji mita ya umeme, kifaa cha bei ndogo ambacho mafundi wengi wa redio na simu wanacho. Plagi yenye herufi R, ikipimwa kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya katikati, aghalabu husoma kati ya ohmu 3,000 na 7,500. Ikisoma sifuri, basi kipinga umeme kilichoandikwa hakimo, na kisanduku kinadanganya.

Ya sita ni bei. Plagi halisi ya iridiamu ina ncha nyembamba mfano wa sindano, isiyofikia milimita moja, na chuma chake ni ghali. Haiwezi kuuzwa kwa bei ya nikeli. Anayeambiwa vinginevyo anaonyeshwa plagi ya kawaida iliyonolewa ncha.

Hata hivyo, haki inadai pia kutolaumu kila plagi. Plagi huonyesha yanayotokea ndani ya injini. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, huenda kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi, jambo la kawaida Turkana. Ikiwa na mafuta, injini imechoka na inapitisha oili. Ikiwa nyeupe na yenye malengelenge, imepata joto kupita kiasi.

Petroli nayo ina lawama zake. Udanganyifu wa kuchanganya mafuta ya gari na mafuta taa ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta taa ili kuondoa faida ya walaghai. Petroli ya kupimwa kwa chupa kando ya barabara haina wa kuithibitisha. Plagi mpya na halisi inaweza kuharibiwa na mafuta ya namna hiyo, kisha mwenye duka akalaumiwa bure.

Hata ufungaji una kanuni yake. Plagi mpya ya milimita 14 yenye pete huzungushwa kwa mkono hadi ikae, kisha hukazwa kwa spana takriban nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili. Ikilegea, joto halitoki. Ikikazwa kwa nguvu za kijana, hesi za injini hukatika.

Maarifa hayo yote yanapatikana kwa mtu mmoja mjini, ambaye ni fundi. Lakini ni hapo pia ambapo mtego ulipo.

Kwa desturi iliyozoeleka katika gereji za jua kali, mwenye gari humkabidhi fundi pesa akanunue kipuri. Risiti haitolewi, kisanduku hakirudishwi, na plagi kuukuu hutupwa au hubaki gerejini. Mwamba ngoma huvutia kwake: fundi akinunua cha bei ya chini na kutoza cha bei ya juu, tofauti ni yake. Wapo mafundi wengi waaminifu, lakini mfumo wenyewe hauwatuzi kwa uaminifu wao.

Sheria nayo haimfikii. Chini ya sheria ya mwaka 2008, mwenye haki miliki ndiye hulalamika kwamba alama yake ya biashara imeghushiwa, ingawa wakaguzi wanaruhusiwa kuanza uchunguzi wenyewe. Kampuni iliyo Nagoya au Stuttgart haina sababu ya kibiashara ya kumtuma wakili Lokichoggio kwa ajili ya plagi 20. Mkaguzi naye, ambaye ofisi yake ya kanda iko Eldoret, huenda akatumia siku mbili barabarani kwa ajili ya duka moja.

Adhabu kwa kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa zilizonaswa, au vyote viwili. Kwa mwagizaji wa kontena, hesabu hiyo inatisha. Kwa mwenye kibanda aliyekutwa na visanduku vichache, kima cha chini cha faini ni kidogo sana, na huenda yeye mwenyewe aliuziwa bila kujua.

Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Bidhaa zilizoagizwa hutakiwa kubeba stika ya ubora, na mnunuzi anaweza kuthibitisha alama za KEBS kwa ujumbe mfupi wa simu. Huo ni msaada mkubwa, ila mnunuzi asiyewahi kukiona kisanduku hana cha kuthibitisha.

Katiba ya mwaka 2010 haikumwacha mnunuzi huyo bila kinga. Kifungu cha 46 kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari za kutosha kuhusu bidhaa hizo, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kinachokosekana ni ushahidi. Bila risiti na bila kipuri kilichoharibika, hakuna mahakama inayoweza kumsaidia.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Katiba hiyo hiyo, katika Mpangilio wa Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti biashara, zikiwemo leseni na ulinzi wa biashara ya haki. Vyuo vya ufundi vya vijijini pia viko chini ya kaunti. Kwa maneno mengine, mamlaka ya kumfikia mwenye duka la vipuri na fundi anayemtegemea yako Lodwar tayari, wala hayahitaji kusubiriwa kutoka Nairobi.

Hatua ya kwanza ingekuwa kuifanya risiti kuwa sharti la leseni. Duka la vipuri likitakiwa kuandika jina la kampuni, msimbo wa plagi na jina la msambazaji wa jumla, bidhaa itakuwa na njia ya kurudi ilikotoka. Hapo mwenye kibanda aliyedanganywa ataweza kumtaja aliyemdanganya, na uchunguzi utapanda kutoka Lokichoggio hadi Kitale, Eldoret na Nairobi badala ya kuishia kwake.

Hatua ya pili ni mafunzo. Kupima plagi kwa mita ya umeme na kusoma msimbo wake ni somo la siku moja. Linaweza kutolewa katika vyuo vya ufundi vya kaunti na katika vituo kama vile vya Don Bosco katika kambi ya Kakuma, ambako vijana wakimbizi na wenyeji wamekuwa wakijifunza umekanika kwa miaka mingi. Fundi mwenye cheti na mita angekuwa na jina la kulinda.

Hatua ya tatu ni ushirikiano. Afisa wa biashara wa kaunti akikusanya plagi zinazotiliwa shaka kutoka gereji za Lodwar, Kakuma na Lokichoggio na kuzituma Eldoret kila baada ya miezi michache, ACA itapata picha ya soko lote bila kumtuma mkaguzi kila mara.

Wapo watakaosema kwamba masharti zaidi yatapandisha bei na kuwafunga wafanyabiashara wadogo. Hoja hiyo ina uzito, hasa mahali ambako duka la vipuri ni chanzo adimu cha ajira. Lakini risiti ya karatasi haina gharama kubwa, na anayeuza plagi nafuu kwa jina lake halisi hana cha kuhofia. Anayeumia ni yule anayeshindana kwa uongo, ambaye leo ndiye anayemwondoa sokoni mwenzake mwaminifu.

Wakati serikali za ngazi zote mbili zikijikokota, mwenye gari naye ana la kufanya. Amlipe fundi ujira wa kazi yake waziwazi, kisha anunue kipuri mwenyewe au aende naye dukani. Adai kisanduku, risiti na plagi kuukuu. Anaposafiri kwenda kaskazini, abebe plagi moja ya akiba iliyokwisha kupimwa pamoja na spana yake.

Barabara ya Lokichar kupitia Lodwar hadi Nadapal imekuwa ikiboreshwa kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2015 kwa lengo la kuiunganisha Kenya na Sudan Kusini. Lami inapunguza saa za safari. Hurahisisha pia usafiri wa kila bidhaa, ya halali na ya haramu.

Ikiwa Turkana haitakuwa na watu wa kuzitambua zinapowasili, barabara hiyo itazifikisha plagi bandia Lokichoggio mapema zaidi kuliko zamani, na kutoka hapo Sudan Kusini si mbali. Wa kwanza kuzishika watakuwa mafundi wale wale. Kama watakuwa na mita mkononi na risiti ya kuulizia, hilo ni jambo ambalo Lodwar inaweza kuliamua sasa.